Yasiyoandikwa kwenye Kumbukumbu

Ajenda ya kwanza: kufungua kikao.
Niliandika: saa kumi kamili, akidi imetimia.
Sikuandika kwamba ilitimia saa kumi na mbili kasoro,
Kyakimwa alipoingia na sare ya zahanati,
mikono ingali inanuka dawa,
akavua viatu, akasema, "Endeleeni, nasikia,"
akalala akiwa amekaa.

Sisi ni saba, bodi ya duka la ushirika, Mpondwe,
tuliochaguliwa na watu wenye haraka ya kurudi shambani.
Mimi mshona sare nilipewa ukatibu kwa sababu nilikuja na kalamu.
Masereka alipewa uenyekiti kwa sababu hakuja.
Posho ya kikao hatuna.
Posho tuliyo nayo ni ya magunia, nyeupe, ya kusonga,
nayo tunaipangia foleni kama wengine.

Ajenda ya pili: upungufu.
Kilo arobaini za maharagwe, mwezi hadi mwezi,
zinaondoka bila kuaga.
Macho yakamwendea Mbusa, mtunza ghala,
yakamwendea taratibu, kwa heshima,
jinsi inzi anavyoliendea donda.
Mbusa hakujitetea. Alivua ufunguo shingoni,
ule uliochora kutu kwenye shati lake la kanisani,
akauweka mezani, katikati ya karanga.
Niliandika: mjumbe alitoa maelezo.

Ndipo Ithungu, mweka hazina, muuza makayabo,
anayejua uzito wa samaki kwa kumsikia akianguka kaunta,
aliinuka, akalishika jiwe letu la kilo,
akalipandisha, akalishusha, kama unavyopokea mtoto wa jirani.
"Hili jiwe," alisema, "limenenepa."

Tukacheka. Kisha hatukucheka.
Tulivuka barabara hadi kwa mnunuzi wa kahawa,
tukalipima kwa jiwe lake, mbele ya taa ya pikipiki ya Nzanzu.
Gramu hamsini zaidi.
Risasi imeyeyushwa, imemiminwa kwenye tundu la chini,
ikapigwa msasa. Kazi ya mtu mwenye subira.

Wezi wote niliowahi kusikia hulipunguza jiwe.
Huyu aliliongeza.
Miaka mitatu kila aliyenunua kilo
aliondoka na kilo na ukufi juu yake:
mjane, polisi, mpishi wa bweni,
mimi,
na hakuna aliyerudi kusema mmenizidishia.

Jiwe lile lilitoka dukani mara moja tu,
mwaka ule mto Lhubiriha ulipoingia nyumba za bondeni
na watu wakaja kikaoni kwetu na mabakuli.
Tulifungua katiba. Kifungu cha tisa
hakiruhusu kugawa bure.
Niliandika: sita wamekataa, mmoja amekubali.
Nafasi ya jina niliiacha wazi.

Nani? Hatukuuliza kwa sauti.
Masereka, fundi redio,
alikuwa akitazama kucha zake,
nyeusi kwa moshi wa solda.

Ajenda ya tatu: mengineyo.
Iliazimiwa jiwe jipya linunuliwe.
Kwa fungu lipi, hatukusema;
kila mmoja aliingiza mkono mfukoni,
hata Kyakimwa, macho yakiwa yamefumba.
Ithungu akamsogezea Mbusa ufunguo wake
na karanga zote zilizobaki.
Neno samahani sikuliandika. Halikutamkwa.

Jiwe la zamani ninalo mimi.
Mchana linakandamiza kitambaa nikikata kaptura za shule,
usiku linalala juu ya daftari la kumbukumbu,
upepo wa Rwenzori ukishuka
kurasa zisijifunue zenyewe.

Jumatatu yule mjane aliyarudisha maharagwe kaunta,
akayasukuma kwa kidole.
"Kilo yenu siku hizi imekonda," alisema.
"Bodi mmeanza kula."

Niliandika: malalamiko, moja.